Wati 12 kwa Milioni 5.7: Amplifaya ya Gitaa Iliyoundwa kwa Mkono, Tabora

Watu wakiiona amplifaya yangu ya gitaa jukwaani huanza kuuliza bei, kwa hiyo naanza na bei. Mtengenezaji, aliyeko Ujerumani, alichukua shilingi 3,300,000 kwa kiwango cha euro cha wakati ule. Ndege hadi Dar es Salaam 520,000. Ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine ndogondogo, 1,890,000. Treni kutoka Dar hadi stesheni ya Tabora, 35,000. Jumla 5,745,000. Kwa fedha hizo hapa mjini unanunua pikipiki mpya na chenji ya maana ikabaki mfukoni. Mimi nimepata sanduku la mbao lililovishwa kitambaa cha manjano iliyopauka, spika moja ya inchi 12, nobu tatu na wati 12.

Naipenda sana. Nimeipiga msimu mzima wa harusi, nimeipiga kanisani, nimeipiga sebuleni usiku watoto wamelala, na leo ningepata fedha hizo tena ningeinunua tena. Hata hivyo wapo wapiga gitaa wa mji huu ambao nitawaambia waziwazi wasiinunue, na sababu zake zinatokana na muziki tunaoupiga huku kwetu. Kifaa chenyewe hakina kosa.

Mimi ni mpiga solo. Katikati ya wiki nauza asali ya Sikonge kwa jumla, mwisho wa wiki nipo na bendi ya watu sita. Tunapiga rumba za zamani kwa wazee, sebene kwa vijana, na Jumapili napigia kwaya. Nimekulia kwenye mji uliokuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, na nyumbani kwetu santuri zao zilipigwa mpaka zikachakaa. Kwa hiyo masikio yangu yanataka solo inayolia safi, kila noti isimame peke yake hata vidole vikienda mbio. Mtu wa roki ataisikia amplifaya hiihii kwa namna nyingine kabisa, na atakuwa na haki yake.

Jina la aliyeiunda sitalitaja. Ni mtu mmoja, ana karakana nyumbani kwake Ujerumani, anaunda chache kwa mwaka, na aliniomba nisimtangaze kwa sababu foleni ya wanaosubiri inamtosha. Haidhuru, maana alichokiunda si siri yake. Ni nakala ya Deluxe, amplifaya ya kampuni ya Fender ya Marekani, ya miaka ya 1955 hadi 1960, ile ambayo mchoro wake unajulikana duniani kote kwa namba 5E3. Mafundi wanaoiunda wapo Marekani, wapo Ulaya, wapo Asia, na ninayoyasema hapa kuhusu saketi yanaihusu yoyote iliyoundwa kwa uaminifu.

Kwa nini mtu aunde upya amplifaya ya miaka 70 iliyopita? Zile halisi zilikuwa vifaa vya kazi vya wanamuziki wa kawaida. Leo iliyosalia nzima inauzwa maelfu ya dola, na mwanamuziki wa roki Neil Young, ambaye amepigia Deluxe yake ya 1959 kwa miongo mingi, ameiongezea heshima. Halafu saketi yenyewe ni nyepesi. Valvu tano tu, zile taa za kioo zilizokuwamo kwenye redio za babu zetu: 12AY7 moja na 12AX7 moja za kukuza sauti ndogo inayotoka kwenye gitaa, 6V6 mbili za kuisukuma spika, na 5Y3 moja ya kugeuza umeme uwe wa mkondo mnyoofu. Mchoro mzima unaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule.

Kunakili si jambo geni kwenye ufundi huu. Jim Marshall na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven, pale London mwanzoni mwa miaka ya 1960, walichukua Bassman, amplifaya nyingine ya Fender, wakaiunda upya kwa vipuri walivyovipata Uingereza. Ikatoka JTM45, amplifaya ya kwanza ya Marshall. Transfoma tofauti, spika tofauti, baadaye valvu tofauti, na kutoka kwenye nakala hiyo ukapatikana mlio uliobeba roki ya Uingereza kwa miaka mingi. Kisa hiki huwa nawasimulia vijana wanaoniambia kwamba nimelipa milioni tano na ushee kununua feki.

Kuna upande mwingine wa biashara hii ambao hauna mvuto kwangu. Alexander Dumble, fundi wa Marekani aliyefariki Januari 2022, aliunda amplifaya zinazokadiriwa kuwa 300 hivi maishani mwake, nyingine akazifunika saketi kwa gundi ngumu ili zisinakiliwe, na sasa moja inaweza kuuzwa zaidi ya dola 100,000. Ken Fischer, Mmarekani mwingine aliyeunda amplifaya za Trainwreck na kufariki 2006, alizipa zake majina ya wanawake badala ya namba, nazo zimefika bei ya nyumba. Nawaheshimu wote wawili kwa masikio yao. Lakini hizo ni bei za wakusanyaji, na wanaonakili kazi zao kwa maelfu ya dola wanauza jina kwanza. Kijana wa Tabora anayeota Dumble wakati nyuzi zake zina kutu na hana hata stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti za umeme, anajichelewesha.

Sasa nifungue sanduku.

Siku ilipofika sikuiwasha. Niliipeleka Kanyenye kwa mzee mmoja aliyejifunza ufundi redio zikiwa bado za valvu, naye ndiye aliyenifundisha mambo mengi ninayoyaandika hapa. Alifungua mbao za nyuma, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Shikamoo, mzee, nimekuletea mgeni," nilikuwa nimemwambia mlangoni.

"Huyu si mgeni," akasema alipomaliza kutazama. "Hii ni redio waliyoiondolea redio. Sehemu hii ya mwisho, kuanzia hapa mpaka kwenye spika, nimeitengeneza kabla baba yako hajaoa."

Na ni kweli. 6V6 zilijaa kwenye redio na gramafoni za zamani. Mzee alianza kunifundisha kabla ya kuchukua bisibisi: hizi kapasita kubwa, vipuri vinavyohifadhi chaji, zinabeba zaidi ya volti 300, na zinaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Alichukua rezista (kipuri cha kupunguza mkondo) aliyoifungia waya mbili zenye ganda, akaimaliza chaji kwenye kila kapasita, akapima kwa mita mpaka akaona sifuri, ndipo akaingiza mkono. Mkono mmoja. Wa pili aliuweka mfukoni, ili umeme ukimpata usipite kifuani kwenda mkono wa pili. Ewe fundi wa simu unayesoma hapa, mwenye ujuzi wa volti 4 na 5, usiifungue amplifaya ya valvu bila kujifunza hili kwanza. Inaua.

Alichokiona ndani ndicho kinachonifanya nisijute bei. Hakuna bodi ya kijani yenye njia za shaba nyembamba zilizochapishwa. Kuna kipande cha faiba nyeusi chenye pete ndogo za shaba, na kila rezista na kapasita imelazwa mahali pake, miguu yake imeingia kwenye pete na kushikwa kwa risasi. Waya zina ganda la nguo. Kila kitu unakiona kwa macho na unakifikia kwa koleo. Mzee aliufuata mkondo wa sauti kwa ncha ya penseli kuanzia tundu la gitaa mpaka spika bila kutazama mchoro, akanionyesha: hapa sauti inakuzwa, hapa ndipo nobu ya toni inapokula zile kali, hapa inagawanywa mara mbili ili kila 6V6 ipate nusu yake.

Mchoro wenyewe mtengenezaji aliubandika ndani ya sanduku. Amplifaya niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa ya kidijitali, nzuri tu, yenye milio mingi ndani yake. Umeme ulipanda ghafla usiku mmoja, ikafa. Fundi wa Dar aliyeifungua alisema vipuri vyake ni vidogo hata havishikiki, dawa ni kubadilisha bodi nzima, na bodi haiuzwi peke yake. Ikawa taka. Hii ya sasa, rezista ikiungua, mzee anaipata kwenye kopo lake la vipuri vya zamani na kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Kwa mtu anayeishi safari ya treni nzima kutoka Kariakoo, uwezo huo wa kutengenezeka una thamani kubwa kuliko hadithi zote za mlio wa dhahabu.

Kitu kimoja mzee alikigusa. Transfoma ya umeme ina miguu ya kuchagulia volti 220, 230 na 240, na ilikuwa imefungwa kwenye 230. Tulipima umeme wa nyumbani kwangu mchana, ukasoma 236, akaiacha ilivyo. Nataka mnunuzi yeyote alisikie hili. Amplifaya za Marekani zimeundwa kwa volti 120 na mzunguko wa 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni volti 230 na mzunguko wa 50. Ukinunua ya mkononi kutoka Marekani utahitaji transfoma ya kushusha volti, na hata ukiipata, transfoma ya ndani iliyopimwa kwa 60 tu itapata joto zaidi kwenye 50. Anayeunda kwa mkono unamwambia mapema uko nchi gani, anafunga transfoma inayofaa. Hapo fedha yako imefanya kazi.

Tuje kwenye sauti.

Nobu ya sauti ikiwa kwenye namba 3, kwa gitaa lenye pikapu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi) za koili moja, ni sauti ya joto, nene katikati, isiyokata masikio juu. Unagusa uzi, noti inatoka, halafu inakuwa kama inafunguka kidogo baada ya kuigusa. Sehemu ya siri hiyo ni ile 5Y3: ukipiga kwa nguvu, volti za ndani zinashuka kidogo, noti inabanwa, kisha zinapanda tena na noti inapumua. Rumba ya taratibu, ile ya kuwafungulia maharusi ukumbi, inakaa hapo kwa utamu ambao sijaupata kwenye kifaa kingine nilichowahi kugusa. Mpiga besi wetu, ambaye hana mazoea ya kusifia, aligeuka kunitazama katikati ya wimbo.

Namba za nobu zinakwenda mpaka 12, kama zile za asili. Na hapa ndipo tabia yake inapoanza kujitokeza. Ikifika 4, sauti safi inaanza kuisha. Ikifika 5 au 6 inakwaruza, ukwaruzaji mtamu unaofuata mkono: ukipiga kwa upole inasafika, ukikaza inanguruma. Kutoka 9 kwenda juu inafunga koo kabisa, sauti haiongezeki, inazidi tu kunenepa na kuchafuka. Watu wa bluzi na roki hulipa fedha zote hizi kwa ajili ya eneo hilo la kati ya 5 na 10. Saketi yake haina ule waya unaorudisha sehemu ya sauti nyuma ili kuinyoosha, kwa hiyo inaingia kwenye ukwaruzaji mapema na kwa ulaini.

Kwa sebene, hapo ni matatizo. Solo yetu haipigwi noti moja moja tu. Tunapiga mbilimbili, tatu kwa tatu, vidole vinapanda na kushuka nyuzi mbili kwa pamoja. Amplifaya inayokwaruza ikipokea noti mbili haizikwaruzi kila moja peke yake. Inazichanganya, na kwenye mchanganyiko huo zinatokea sauti nyingine ambazo hukuzipiga, za chini, zinazogombana na wimbo. Noti moja ndefu ya bluzi inanawiri kwa hilo. Mistari ya sebene inageuka uji. Nimejaribu pikapu za koili mbili, ndiyo kabisa, zinasukuma saketi kwa nguvu zaidi na uji unaanza mapema, kwenye 3.

Dawa ninayoitumia ni kubaki kwenye 3 au chini kidogo na kuweka maikrofoni mbele ya spika. Nimekopa Shure SM57 ya kanisani, naisogeza karibu na kitambaa, pembeni kidogo ya katikati ya spika, na mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za bendi, inafanya kazi ya kuipeleka ukumbini. Hapo wati 12 zinatosha hata kwenye ukumbi mkubwa wa Isevya. Bila maikrofoni, ngoma na kinanda vikianza, naipandisha ili nisikike na sauti safi inakufa palepale. Kwa hiyo yule mwenzangu anayepigia kwenye viwanja vya wazi, bila mikisa ya maana, akitegemea amplifaya yake isikike mpaka nyuma ya mahema, nakuomba usinunue 5E3. Itakuvunja moyo na fedha imekwenda.

Jambo dogo lakini la furaha: ina chaneli mbili, moja iliandikwa kwa ajili ya maikrofoni na nyingine kwa ajili ya ala, na nobu za sauti zinaingiliana. Hata ile chaneli ambayo hukuchomeka kitu, ukizungusha nobu yake, sauti ya unayoipigia inabadilika. Kwa nobu tatu tu unapata rangi nyingi za sauti. Nilikaa na hilo usiku kucha mpaka mke wangu akanikumbusha kwamba kesho yake nina gari la asali la kupokea.

Umeme wetu lazima niuzungumzie kwa kirefu zaidi ya wanavyofanya wenzetu wa nje, ambao kwao ukuta ni ukuta. Mjini mchana hali ni nzuri. Jioni, kwenye kumbi zenye friji na spika za didijei kwenye waya mmoja, mita imeshanisomea 198. Kwenye harusi za vijijini kuelekea Uyui tunatumia jenereta, na hiyo inapanda na kushuka kila anayechomelea au kuchemsha chai akigusa waya. Volti zikishuka, nyuzi za ndani ya valvu zinazotakiwa kupata volti 6.3 zinapoa, sauti safi inapungua zaidi na ukwaruzaji unaanza hata kwenye 3. Zikipanda, unaila roho ya valvu. Stabilaiza nzuri si anasa hapa. Weka kwenye hesabu yako 150,000 hadi 250,000 nyingine, na ukinunua amplifaya hii bila stabilaiza umenunua nusu ya kifaa.

Kuhusu vipuri ambavyo mafundi wa mikono hujivunia, nina maoni makali na nitayasema. Mtengenezaji alinipa kuchagua rezista za kaboni za mtindo wa zamani kwa nyongeza ya bei. Mzee wa Kanyenye ananiambia hizo ndizo zilizompa kazi maisha yake yote, kwa sababu zinahama thamani kwa joto na unyevu na zinaongeza mchirizo wa kelele. Nilichagua za kisasa, na amplifaya yangu iko kimya kati ya nyimbo. Kapasita za karatasi na mafuta zenye bei ya mbuzi wawili sikuzitaka pia. Valvu kuukuu za miaka ya 1950 zinauzwa kwa bei za kutisha, na usafiri wa kutoka Ulaya mpaka Tabora unaweza kuzimaliza. Fedha ikienda kwenye transfoma, iende. Ikienda kwenye spika, iende zaidi, maana spika ndiyo inayogusa hewa. Hivyo viwili vinasikika kwa masikio ya mtu yeyote ukumbini. Vile vingine mara nyingi vinasikika kwenye masikio ya aliyelipa.

Valvu mpya zinapatikana, ila viwanda vimebaki vichache: JJ ya Slovakia, kiwanda cha Saratov kule Urusi, na China. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, mzigo wa Saratov ulitetereka na bei zikapanda kila mahali. Jozi ya 6V6 za JJ imenifikia hapa kwa 160,000 na senti zake. Uzuri wa 5E3, na hili sikulijua kabla mzee hajanieleza, ni kwamba 6V6 zake zinajirekebisha zenyewe kupitia rezista moja ya omu 250. Unachomoa za zamani, unachomeka mpya, unapiga. Amplifaya nyingi kubwa zinahitaji fundi azipime na kuzirekebisha kila ukibadilisha valvu za nguvu. Kwa mji wenye fundi mmoja wa valvu, na yeye umri umekwenda, urahisi huo ni muhimu mno.

Barabara ya vumbi ni adui mwingine. Baada ya safari moja ya Nzega, valvu ya kwanza, ile 12AY7, ikaanza kulia kila ngoma ya miguu ikipigwa: vipande vya ndani vimelegea na sasa inasikia mtikisiko kama maikrofoni. Nilibadilisha. Tangu hapo valvu zote ndogo nazichomoa, nazifunga kwenye kitambaa na kuzibeba kwenye begi la mgongoni, na sanduku nalifunika kwa turubai nililoshonesha Soko Kuu. Kitambaa kile cha manjano kinanywa vumbi jekundu na hakitoki kwa maji. Na sanduku ni la mbao za paini, kama la asili, kwa sababu ni nyepesi na inatikisika vizuri pamoja na spika. Mchwa wa Tabora wanaipenda paini kuliko hata wapiga gitaa. Usiiweke sakafuni stoo. Iweke juu ya meza au kiti cha chuma.

Sasa nimjibu mtu aliyeniuliza juzi kama anunue hii au ile ya kidijitali ya 600,000 inayouzwa Kariakoo. Kama unajifunza, kama unapigia nyumbani kwa hedifoni, kama bendi yako inapiga nyimbo za kila aina kwa usiku mmoja, chukua ya 600,000 na stabilaiza, na inayobaki ilipe ada. Zimekuwa nzuri sana. Ukirekodi kwa uangalifu, wengi hawatatofautisha. Mimi nilichokilipia ni mguso wa mkono na kutengenezeka, na nilishapiga miaka ya kutosha kujua kwamba navitaka hivyo.

Na kama wewe ni mpiga solo wa rumba au wa kwaya, una fedha, na moyo wako uko kwenye valvu zilizofungwa kwa mkono, basi omba mtengenezaji akuundie mchoro mwingine: AB763 wa Deluxe Reverb, amplifaya nyingine ya Fender, ule wa miaka ya 1963 hadi 1967. Ni wati 22, 6V6 mbili vilevile, lakini saketi imenyooshwa, sauti safi inafika mbali zaidi kabla ya kukwaruza, juu kuna mng'ao, na ndani kuna springi zinazotoa mwangwi. Mwangwi ule na solo safi ndio mlio ninaousikia kichwani nikifikiria bendi za mji huu. Ni saketi yenye valvu nyingi zaidi na kazi nyingi zaidi ya mkono, kwa hiyo bei inapanda, na 6V6 zake zinahitaji kurekebishwa na fundi. Nimeipiga moja mara moja, ya mgeni aliyepita akielekea Kigoma, na sijaisahau.

Mimi na mzee tumeanza kuipigia hesabu. Ukiagiza transfoma tatu, soketi, valvu, tangi la springi na spika peke yake, bila sanduku na bila mshahara wa mtu wa Ulaya, tunaona inaweza kushuka chini ya milioni 3 baada ya kodi. Sanduku seremala wa Ng'ambo atalikata hapahapa kwa paini ya Mafinga, viungo vya meno kama vile vya asili, na mbao ya mbele ya kushikia spika iwe plaiwudi. Nilitaka mninga kwa sababu ndiyo mbao ya kwetu na ni nzuri kwa macho. Mzee akanishikisha kipande cha mninga mkono huu na cha paini mkono huu, akaniuliza nani atakayelibeba hilo sanduku kutoka stesheni. Itakuwa paini. Na safari hii kijana mmoja wa chuo cha ufundi atakaa naye kila hatua, mkono mmoja mfukoni, mpaka ajue kuifunga na kuifungua peke yake.

Hii ya sasa siiuzi. Mtu wa Mwanza alinitajia milioni 4 nikamshukuru. Ila naikodisha kwa wanaorekodi hapa mjini, 40,000 kwa siku pamoja na stabilaiza na maikrofoni, na kila shilingi inakwenda kwenye boksi la valvu za akiba. Masharti ni mawili: dakika chache za kupasha valvu moto kabla ya kupiga, na volyumu unaiweka unavyotaka wewe. Ukitaka kuipeleka mpaka 12, ipeleke, iliundwa kwa hilo.